Ndugu wa Kiti cha Tatu

Fundi wa makochi waliyemwita Misumari alikuwa na tabia moja ambayo mkewe aliikemea mpaka akachoka: alifanya kazi mdomo umejaa misumari. Ile midogo ya kichwa bapa, ya kukazia kitambaa kwenye mbao. Aliusukuma mmoja kwa ulimi, akaupokea kwa vidole, nyundo ikaugonga mara mbili, na wa pili ulikuwa umeshachungulia kwenye midomo. Mteja akiuliza bei, alijibiwa kwa nyusi. Mteja akilalamika, alijibiwa kwa nyusi vilevile. Watu wakamwona mpole. Wapole wa aina hii ni wa kuogopwa, maana wanayoyameza hayashuki tumboni. Yanakaa palepale kooni, yakingoja siku yake.

Misumari alikuwa na donge moja kooni, na donge hilo lilikuwa Mwenyekiti.

Mtaani kwao kulikuwa na chama cha undugu ambacho wenyewe walikiita Nyumba. Hakikuwa cha siasa wala cha dini wala cha kukopeshana. Wanaume walikula kiapo cha kuwa ndugu, basi: kuuguzana, kuzikana, kupigana jeki mmoja akikwama. Walikuwa na ukumbi wa matofali, mapazia mazito ya rangi ya damu ya mzee, taa ya shaba ya mafuta, na viti vya mbao vyenye namba mgongoni, ambavyo Misumari mwenyewe alivivisha ngozi. Kiti cha kwanza kilikuwa cha Mwenyekiti, cha pili cha Katibu, ambaye alikuwa na duka la dawa, na cha tatu kilikuwa chake.

Anayeingia Nyumba alisimama katikati ya ukumbi akiwa ameshika taa, mapazia yamefungwa hata kama nje jua linachoma, akasema kiapo chote bila karatasi na bila kukwama. Akikwama, Mwenyekiti alisema neno moja tu, "Rudia," na mgeni akaanza upya. Waasisi hawakuwa makatili, kwa hiyo waliacha mlango wa huruma. Ndugu yeyote aliyeketi angeweza kuinuka, akamwekea mgeni mkono begani, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kusema rudia tena. Wawili wangemaliza pamoja.

Mwana wa pekee wa Misumari, fundi wa redio na spika, alikuwa na kigugumizi. Alifanya mazoezi ya kiapo mbele ya kioo cha chooni mpaka mama yake akawa anakijua. Siku yake ilipofika alivaa shati jeupe, akashika taa, akaanza vizuri. Alipofika mwishoni, penye maneno "Ndugu akianguka, sitacheka, ndugu yangu akisimama peke yake, mimi sitakaa," ulimi ukakataa.

"Rudia," Mwenyekiti alisema.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu shule, lakini shule ilikuwa haijamstaafu yeye. Kijana akarudia, akakwama tena palepale. Rudia. Akakwama mapema zaidi. Rudia. Jasho lilimtoka mpaka shati likashika mgongo. Wazee wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko, na Mwenyekiti, aliyependa kuchekewa kuliko chakula, akasema, "Kijana, fanya haraka kidogo. Mafuta ya taa yameanza kupungua." Hapo vikohozi vikaisha, wakacheka meno nje. Hakuna aliyeinuka. Kijana aliiweka taa sakafuni taratibu ili isimwagike, akatoka, na wiki hiyohiyo akahama mji. Tangu hapo alimpigia simu mama yake tu. Akija kumwona, alikuja saa ambazo baba yake yuko karakana.

Misumari hakuhitaji kuambiwa nani wa kulaumiwa. Mwenyekiti alikuwa amemnyang'anya mtoto. Akala kiapo cha pili, cha peke yake, huku akikaza kitambaa kwenye kochi la mtu: atamwona Mwenyekiti amesimama katikati ya ukumbi uleule, ameshika taa ileile, anaambiwa rudia mbele za watu mpaka mate yamkauke. Na mwenye kumwambia atakuwa mwanawe. Wakishafanya hivyo wawili, baba na mwana, mtoto atarudi nyumbani. Hilo ndilo alilolitaka maishani, na hakulitaka jingine.

Mkewe alimwuliza kwa nini asijitoe tu kwenye chama hicho. Alijibu kwa nyusi. Ukimwacha mtu unayemdai kisasi, nani atamchunga?

Njia ya kulipiza ilikuwepo, tena ndani ya sheria za Nyumba. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa chama, taa hushikwa na ndugu mgeni kuliko wote, na siku hiyo mambo hugeuka: mgeni ndiye mwenye neno. Kwanza humwita Mwenyekiti aseme kiapo mbele ya wote. Kisha, akipenda, humwita ndugu mwingine yeyote. Waasisi waliona mbali; walijua wakubwa husahau. Tatizo lilikuwa moja. Tangu kijana yule aiweke taa sakafuni, hakuna mgeni aliyeingia. Habari zilikuwa zimesambaa, na vijana wa mtaa walipopita mbele ya Nyumba walikohoa. Bila mgeni hakukuwa na wa kushika taa, na bila taa Mwenyekiti alipita miaka na miaka bila kuulizwa kitu.

Na Misumari, ambaye alikuwa na muda wote wa kumtazama, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mwenyekiti alikuwa anasahau. Alimwita Katibu kwa jina la Katibu aliyekufa. Alisimulia kisa kimoja mara mbili katika kikao kimoja. Mazishini alisoma sala ya chama kwenye karatasi, yeye aliyekuwa akiimwaga kama maji. Kiapo kilikuwa kinamtoka kichwani pamoja na nywele. Misumari alirudi nyumbani siku hiyo akipiga mluzi, na mkewe akajua kuna mtu ameumia mahali.

Wazee wakazidi kuzikana. Viti vikabaki vitupu, ikaundwa Kamati ya Kuvutia Vijana, na aliyekuwa kijana kuliko wote katika kamati hiyo alikuwa na wajukuu. Mwenyekiti akaleta runinga kubwa. Vijana wakaja siku ya mpira, wakala karanga, wakaondoka na rimoti. Akaleta intaneti ya bure. Vijana wakajaa juu ya ukuta wa nje, simu mikononi, na ndani hakuingia hata mmoja. Akapendekeza mihadhara kuhusu maadili. Hapo hata ukuta ukabaki mtupu.

"Nipeni mimi hao vijana," Misumari alisema kikaoni.

Mwenyekiti alimtazama. "Wewe Misumari? Utawaita kwa nyusi?"

Wakacheka, naye akawangoja wamalize. "Nipeni tu, Mwenyekiti."

"Chukua, ndugu yangu. Chukua wote."

Laiti angemtazama machoni wakati anasema hivyo.

Vijana Misumari aliwajua, tena kwa upande ambao watu wengine huwa hawaujui. Alikuwa akishona siti za pikipiki. Vijana wa pikipiki waliegesha pale kwenye kona, juani kutwa nzima, na siti zao zilichanika kwa zamu. Mkubwa wao waliyemwita Breki, kwa sababu pikipiki yake ilikuwa na kila kitu isipokuwa hizo, alikuja na siti kwapani.

"Mzee, hii imekufa. Abiria wanasema wanakalia mifupa."

Misumari alitema misumari kwenye kiganja, jambo ambalo Breki alikuwa hajawahi kuliona. "Ilete Nyumba kesho, nitaishonea kule uani. Kuna kivuli na bomba la maji. Mnakaa juani kwa nini?"

"Kwa wale wazee? Watatufukuza."

"Wakikufukuza, niite mimi."

Wakaja wawili, wakaja watano, mwisho ua ukajaa. Wakaosha pikipiki, wakabadilisha oili, wakabishana habari za mpira. Mwenyekiti alinung'unika kwamba Nyumba imekuwa gereji, lakini hakuwafukuza, kwa sababu na yeye alikuwa amechoka kuzungumza na viti.

Kisha mmoja wao akagongwa na lori, mguu ukavunjika vipande. Misumari alisimama kikaoni, akawauliza wazee kama kiapo kile ni cha kuuguza wenye makoti peke yao. Wakaona haya. Wakapanga zamu. Wazee waliokuwa hawajabeba beseni tangu waoe walibeba beseni. Katibu alileta dawa kutoka dukani kwake. Hata Mwenyekiti alikwenda, akamsomea majeruhi gazeti kwa sauti ya darasani, na kwa kuwa sauti hiyo haikujua kupungua, aliwasomea wodi nzima, mpaka muuguzi akamwomba kwa heshima zote apumzike. Majeruhi aliporuhusiwa, Breki alikuja karakana, kofia mkononi.

"Mzee, kuingia kwenu kunataka nini?"

"Kunataka kiapo."

"Hicho tu?"

"Hicho tu," Misumari alisema, na moyo ukamdunda kama wa mwizi.

Alifanya wema mwingi miezi ile, na wote aliufanya kwa nia mbaya. Nyumba ilipona mikononi mwake. Vicheko vilirudi, madirisha yakafunguliwa, kinyozi akaja, mwenye kibanda cha simu akaja, wakaleta na ndugu zao. Wazee walimsifu, naye alizipokea sifa kwa nyusi. Hakuwa na haja na vijana wale. Alikuwa na haja na taa.

Aliwafundisha kiapo mwenyewe, uani, jioni kabla jua halijazama. Mlango wa huruma aliwafundisha pia, kwa kuwa ulikuwa sehemu ya sheria, na kwa kuwa Breki aliuliza maswali yasiyokwisha. Lakini maneno yalikuwa mengi na vichwa vilikuwa vimejaa foleni za barabarani. Siku moja akiwa ameinamia siti, mdomo umejaa, alimsikia kijana mmoja anakiimba kiapo huku akipiga ngoma juu ya tangi la mafuta. Wenzake wakadakia. Kikaenda chote, mwanzo mpaka mwisho, bila kosa.

Nyundo ilibaki juu. Misumari alimkumbuka mwanawe alipokuwa mdogo, anaoga uani kwake, anaimba kila kitu kilichopigwa redioni siku hiyo, na ulimi haukwami hata kwenye silabi moja. Kuzungumza kulimshinda, kuimba hakukuwahi kumshinda.

Kikaoni alitaka ipitishwe kwamba kiapo kinaweza kuimbwa. Mwenyekiti alisimama. "Kiapo si wimbo wa harusi."

"Maneno ni yaleyale?" Katibu aliuliza.

"Yaleyale," Misumari alijibu.

"Basi mimi sioni kilichobadilika."

Mikono ya Breki na vijana wengine waliokwisha kula kiapo ikapaa, na ya wazee wachache ikafuata. Jioni hiyo Misumari alimwambia mkewe ampigie mtoto simu, amwambie kiapo sasa kinaimbwa, na kwamba ndugu mgeni kuliko wote ndiye atakayeshika taa siku ya kuzaliwa kwa Nyumba.

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja. "Baba watoto, unamtaka mwanao, au unataka wa kukushikia fimbo?"

"Mpigie tu."

"Nitampigia. Lakini nitamwambia na hilo nililokuuliza."

Mtoto alikuja Jumamosi, akaingia karakana kwa mara ya kwanza tangu ahame. Alikuwa amenenepa kidogo na ndevu zimejaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Misumari alimwonyesha kochi alilokuwa akilishona, na mtoto akapitisha kiganja kwenye mkono wa kochi, akasema ni kazi nzuri. Ndipo baba akamweleza yote: Mwenyekiti amesahau, atakwama, neno lile moja utalisema wewe. Alieleza vizuri, kwa raha, kama mtu anayesimulia chakula. Mtoto alisikiliza bila kuinua macho.

"Ni-ni-nitamwita nimtakaye?"

"Mwenyekiti kwanza. Ndiyo sheria."

"Na ba-baada yake?"

"Baada yake umtakaye. Lakini hutahitaji mwingine."

"Sawa, baba."

Misumari aliusikia uzito wa ile sawa, akaufurahia. Alidhani ni wa kwake.

Jumapili alasiri, siku ya kuzaliwa kwa Nyumba, mapazia yalifungwa. Viti vyote vilikuwa na watu, na wengine walisimama ukutani. Mtoto alishika taa, akafumba macho, akakiimba kiapo kwa sauti nene iliyotulia, na vijana wakampigia mapaja taratibu. Alipopita pale penye sitacheka na sitakaa, hakuna kilichokwama. Mkono wa Misumari ulifuta jicho wenyewe. Mwenyekiti akampa mgeni mkono wa ndugu, kwa adabu, na haikuonekana kwamba anamkumbuka. Hilo lilimchoma Misumari kuliko tusi. Umwangamizie mtu mtoto wake, halafu usahau hata sura.

"Namwita Mwenyekiti," mgeni alisema kwa ile sauti ya nusu kuimba.

Mwenyekiti alipokea taa. Hakuimba, alisema kuimba ni kwa watoto. Akavuta kifua mbele, akaanza kwa sauti ya gwaride la asubuhi: "Nimeingia mlango huu kwa miguu yangu, nitatoka juu ya mabega ya ndugu zangu. Ndugu akiugua, nitakuwa..." Akasita. "Nitakuwa..."

Wapo watakaosema kisasi hakina ladha. Hao hawakuwahi kukaa kiti cha tatu. Misumari aliisikia ladha yake mpaka kwenye fizi.

"Rudia," mwanawe alisema.

Mwenyekiti akarudia, akakwama mapema zaidi. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Aliangalia mezani kama pana karatasi. Hapakuwa na karatasi.

"Rudia."

Mara hii alisahau hata mlango. Alisema "Nimeingia," akaishia hapo. Alikuwa mzee, hilo tu, mzee aliyevaa koti zuri. Misumari aliegemea mgongo wa kiti, akangoja la tatu. Alitaka yafike hata tisa. Alitaka wacheke.

Hakuna aliyecheka, na kabla neno halijatoka, Breki aliinuka. Alivuka sakafu na viatu vyake vya vumbi, akaweka mkono juu ya bega la Mwenyekiti, akasema, "Twende, mzee. Nimeingia mlango huu kwa miguu yangu." Na Mwenyekiti akamfuata, neno kwa neno, kama anavyofuatwa mwalimu, mpaka mwisho.

Misumari alitamani kumvuta Breki kwa ukosi wa shati. Nani kamtuma? Wakajuana lini hao? Kijana wa juzi, hadaiwi na mzee yule chochote, mwenzake amesomewa gazeti tu, anainuka kwa ajili yake. Akamgeukia mwanawe ili waonane machoni, wakasirike pamoja. Mwanawe alikuwa anamtazama tayari. Alikuwa anamtazama muda wote.

Mwenyekiti alirudisha taa, akaenda kukaa, Breki akimshika kiwiko.

"Namwita ndugu wa kiti cha tatu."

Vijana walitabasamu. Mwalimu wao wa kiapo; huyu hakuna pa kumkamata. Misumari alisimama, ngozi ya kiti ikalia nyuma yake. Alipokea taa. Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka, na shaba yake ilikuwa na joto la mikono ya wengine. Akaanza bila wasiwasi, na maneno yakamtoka yamepangana. Mlango. Mabega. Kitanda cha mgonjwa.

"Ndugu akianguka, sitacheka." Hakucheka siku ile. Hilo alikuwa na hakika nalo, alilishika hivyo miaka yote. "Ndugu yangu akisimama peke yake, mimi..."

Mbele yake palikuwa na kiti cha tatu, kitupu. Kutoka hapa katikati kilionekana karibu sana. Hatua chache, mtu ananyoosha mkono tu na bega analifikia. Mwenyekiti alikuwa amesema rudia, kweli. Lakini kiti hiki kilikuwa na mtu ndani yake, siku ile, kutoka rudia ya kwanza mpaka taa ilipowekwa sakafuni, na mtu huyo mdomoni hakuwa na msumari hata mmoja.

"Mimi..." alisema Misumari.

Pembeni Breki alikuwa ameshainuka nusu, akamtazama mwenye neno. Mtoto akamtikisia kichwa kidogo, hapana, na Breki akakaa tena. Kisha mtoto akamgeukia baba yake. Macho yalikuwa yamejaa maji, lakini sauti ilitoka imenyooka, haikukwama popote.

"Rudia, baba."